Maji Yalikuwa Yakijaa au Yakipwa?

Mtu akianguka usiku kutoka kwenye daraja mojawapo la London, polisi wa majini hawaanzi kwa kuuliza jina lake. Wanataka saa, wanataka daraja, kisha wanataka kujua maji: yalikuwa yakijaa au yakipwa? Thames ni mto kwa jina, lakini ndani ya jiji umekuwa mkono wa bahari. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 7 pale London Bridge, karibu mara mbili ya bamvua la Mombasa, na mvuvi wa Nyali au Msasani anajua maana yake: aliyeanguka hayupo tena pale alipoangukia. Kama yalikuwa yakipwa, amechukuliwa mashariki kuelekea Limehouse na Greenwich. Kama yalikuwa yakijaa, amepandishwa juu, na baada ya saa chache atateremshwa tena chini ya daraja lile lile.

Kikosi kinachouliza swali hilo kina makao yake Wapping, mashariki kidogo ya Tower Bridge, na kimekuwa hapo tangu 1798. Robert Peel alikuja kuunda polisi wa jiji miaka 31 baadaye. Yaani London iliweka askari wa kulipwa mshahara kwenye maji kabla ya kuweka askari wa namna hiyo mitaani kote. Kwa kawaida jambo hili husimuliwa kama sifa ya ukongwe. Mimi naliona kama swali: kwa nini maji kwanza? Jibu lake linaeleza mengi juu ya kazi ya polisi wa majini popote walipo, kwa sababu boti ya doria huona kile ambacho mlipaji wake anataka kionekane.

Mwaka 1798 walipaji walikuwa wafanyabiashara wa sukari ya Karibi. Meli zao zilikaa majini majuma kadhaa zikisubiri zamu ya kupakua, kwa kuwa gati halali zilikuwa chache, na mzigo ulishushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi nchi kavu. Sukari, kahawa na romu vikapungua njiani. Kwa hesabu za wakati huo, hasara ilifika nusu milioni ya pauni kwa mwaka. Hakimu mmoja Mskoti, Patrick Colquhoun, akishirikiana na baharia mstaafu John Harriott, na mwanafalsafa Jeremy Bentham akisaidia upande wa sheria, alipeleka pendekezo: kuwe na ofisi ya polisi ya mtoni. Wafanyabiashara wakatoa pauni 4,200 kwa mwaka wa majaribio. Kazi ikaanza Julai na watu wasiozidi mia moja.

Colquhoun aliandika kwamba kati ya watu 33,000 waliofanya kazi mtoni, 11,000 walikuwa wahalifu. Ni takwimu ya mtu anayeomba bajeti, na inafaa kusomwa hivyo. Lakini alikuwa na jicho la mwandishi. Aliyapanga makundi ya wezi kwa majina yao ya mtaani: “wapanda farasi wepesi” walioingia melini usiku kwa kuelewana na mabaharia, “wapanda farasi wazito” ambao ni makuli wa mchana waliovaa fulana zenye mifuko ya siri, na “ndege wa topeni”, watoto na wazee waliosubiri maji yapwe ili waokote kilichodondoshwa kwa makusudi kando ya meli.

Hapa ndipo hadithi ya kishujaa inapoanza kupwaya. Makuli wa Thames walilipwa kidogo, na mara nyingine hawakulipwa kabisa, kwa sababu ilieleweka na wote kwamba sukari iliyomwagika kutoka kwenye pipa ni yao. Mseremala wa meli alikuwa na haki ya vipande vya mbao, na mbeba makaa alikuwa na makaa yake ya kupeleka nyumbani. Ilikuwa desturi, sehemu ya ujira, kama vile mchuuzi wa nazi anavyomwachia mkwezi nazi zake. Polisi wapya waliibadili desturi hiyo ikawa wizi. Tena hawakuishia kulinda: ofisi ya Wapping iliajiri makuli, ikapanga viwango vya malipo, ikawapekua wakitoka kazini na kuwakataza nguo pana zinazoweza kuficha kitu. Nusu yake ilikuwa polisi, nusu nyingine kampuni ya kupakua mizigo.

Na sukari yenyewe? Ililimwa na Waafrika walionunuliwa na kupigwa mijeledi kwenye visiwa vya Karibi. Colquhoun alikuwa pia wakala wa baadhi ya visiwa hivyo mjini London. Anayechota konzi ya sukari ni mwizi. Anayemmiliki mtu aliyeilima ni mlalamikaji. Sidhani kama msomaji wa Bagamoyo au Zanzibar anahitaji kuelezwa zaidi.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Tarehe 16 Oktoba 1798, baada ya wabeba makaa kupatikana na hatia ya kuiba makaa, umati wa watu wapatao 2,000 uliizingira ofisi ya Wapping ukitaka kuichoma moto. Risasi zilipigwa. Mmoja wa waandamanaji alikufa, na Gabriel Franks, aliyekuwa upande wa polisi, alijeruhiwa akafariki siku chache baadaye. Ofisi haikufungwa. Mwisho wa mwaka wa kwanza waanzilishi walidai wameokoa mali ya pauni 122,000, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1800 ya kukifanya kikosi kuwa cha umma. Mwaka 1839 kikaunganishwa na polisi wa jiji. Kilichoanza kwenye mfuko wa wafanyabiashara kikawa cha dola, pamoja na macho yake.

Hata hivyo, iwapo swali ni nini hasa kilichopunguza wizi wa shehena, sina hakika kwamba jibu ni boti. Mwaka 1802 zilifunguliwa West India Docks, gudi zilizochimbwa nchi kavu na kuzungushiwa ukuta wa mita 6 hivi. Meli iliingia ndani, lango likafungwa, mzigo ukatoka melini hadi ghalani bila kugusa tishari. Ukuta haulali wala hauombi chochote. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye kontena lilimaliza kazi iliyobaki: sanduku la chuma lililofungwa kiwandani na kufunguliwa kwa mnunuzi. Gudi za London zilianza kufungwa miaka ya 1960, za mwisho mwaka 1981, na bandari ikahamia Tilbury na kuendelea kuelekea baharini. Uhalifu uliowazaa polisi wa Wapping ukaondoka mlangoni pao. Wao wakabaki.

Walibaki kwa sababu, polepole, mto ulikuwa umewapa kazi nyingine ambayo hakuna mfanyabiashara aliyeilipia. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice ilikuwa ikirudi kutoka matembezini, imejaa familia, ilipogongwa na meli ya makaa Bywell Castle karibu na Woolwich. Ilizama kwa dakika chache, mahali ambapo maji machafu ya jiji zima yalikuwa yamefunguliwa muda mfupi kabla. Walikufa watu zaidi ya 600. Idadi kamili haikujulikana kwa sababu hapakuwa na orodha ya abiria, na sisi tulioishi mwaka 1996, mwaka wa kuzama kwa MV Bukoba katika Ziwa Victoria, tunaijua habari hiyo kwa uchungu wake wote. Wenye mashua walilipwa kwa kila mwili walioopoa. Polisi walikuwa na mashua za makasia. Wakaipa miili namba, wakapanga nguo na vikorokoro ili ndugu watambue, na bado zaidi ya watu 100 walizikwa bila majina. Uchunguzi ukafanyika, na miaka michache baadaye Wapping ilipata boti zake za kwanza za mvuke.

Uangalie mpangilio huo wa matukio, maana utajirudia: maafa, kisha tume, kisha injini.

Pia kulikuwa na Waterloo Bridge, daraja ambalo London ya karne ya 19 ililijua kwa watu waliokata tamaa. Charles Dickens aliwahi kupanda mashua ya polisi hao usiku na kuandika habari zao mwaka 1853. Baadaye kikosi kiliweka kituo kinachoelea pale pale darajani, na ndani yake, pamoja na meza ya kuandikia na seli, kulikuwa na beseni la kuogea la maji moto kwa ajili ya walioopolewa hai. Katika historia nzima ya kikosi hiki, hicho ndicho chombo ninachokithamini kuliko vyote. Kinaonyesha kwamba mtu fulani, bila sheria ya Bunge wala ombi la mwenye sukari, alielewa kazi imekuwa nini.

Leo wanafanya nini? Eneo lao kwenye Thames linaanzia Dartford hadi Hampton Court. Hukagua boti, hufuatilia wizi wa mashine, husindikiza misafara, huzuia manahodha walevi. Wana wazamiaji ambao kazi yao haiko Thames pekee bali kwenye mifereji, mabwawa na visima vya jiji zima, wakitafuta kisu kilichotupwa au bastola. Watu hufikiria mzamiaji akitazama. Kwenye maji ya tope la Thames haoni kitu: hushika kamba, huenda mstari kwa mstari, akipapasa. Ni kazi ya vidole. Kazi nyingine ni kukagua chini ya magati na meli kabla ya sherehe kubwa au ziara ya kiongozi, kazi iliyoongezeka sana tangu ugaidi uwe sehemu ya mipango ya kila siku ya jiji.

Lakini kazi yao isiyo na mwenzi ni maiti. Mwili huzama kwanza, kisha hupanda pale gesi ya kuoza inapoutosha, haraka wakati wa joto, majuma wakati wa baridi. Kati ya kuzama na kuelea, maji yamejaa na kupwa mara nyingi, na anayeweza kukadiria utaibukia wapi ni mtu aliyeshinda mtoni kwa miaka. Kona za mto zilizo mashariki huushika. Baada ya shambulio la London Bridge usiku wa tarehe 3 Juni 2017, mtu mmoja aliyetupwa mtoni alipatikana na kikosi hiki siku tatu baadaye, karibu na Limehouse.

Na mwezi Septemba 2001 mto ulileta kiwiliwili cha mtoto mvulana, mwenye kaptula ya rangi ya chungwa pekee, kilichoopolewa karibu na jengo la michezo ya kuigiza la Globe. Polisi wakampa jina la Adam, kwa kuwa hakuwa na jingine. Madini yaliyomo mifupani mwake yaliwaelekeza wachunguzi kusini magharibi mwa Nigeria, na Nelson Mandela mwenyewe akatoa wito kwa yeyote anayemjua mtoto huyo ajitokeze. Hakuna aliyehukumiwa kwa kumuua. Kikosi kilichoundwa kuulinda mzigo uliotokana na jasho la Waafrika ndicho kilichomtoa majini mtoto wa Kiafrika na kumwandikia faili. Sitaki kulifanya hilo kuwa fidia. Ni ukweli uliotokea tu.

Katika utambuzi wa miili polisi hao walishiriki pia katika jambo ambalo London haijalisahau. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1989 boti ya sherehe Marchioness, yenye watu wapatao 130, wengi vijana, iligongwa na meli ya kuchota mchanga Bowbelle karibu na daraja la reli la Cannon Street. Ilizama chini ya dakika moja. Walikufa 51. Boti za polisi ziliokoa wengi usiku ule, na hilo lisemwe. Lakini katika siku zilizofuata, kwa idhini ya ofisa wa uchunguzi wa vifo, mikono ya marehemu zaidi ya 20 ilikatwa ili ichukuliwe alama za vidole maabarani, bila familia kuambiwa. Ngozi iliyokaa majini hulainika na kubanduka, ni kweli. Alama hazichukuliki kirahisi. Hata hivyo ofisi ikizoea kuupokea mwili kama faili, husahau kuwa una mama. Iliwachukua wazazi zaidi ya miaka 10 ya kugonga milango mpaka uchunguzi rasmi wa Jaji Clarke ukafanyika.

Kutokana na Marchioness lilizuka swali ambalo nadhani ndilo kiini cha habari yote: nani hasa, kwa kazi yake ya kila siku, alikuwa na jukumu la kuokoa watu kwenye Thames? Polisi walifanya hivyo kwa kuwa walikuwepo. Mamlaka ya bandari ilisimamia njia za meli. Walinzi wa pwani walitazama pwani. Kila mmoja alikuwa na boti na kila mmoja alikuwa na jambo lake la kwanza ambalo halikuwa hilo. Anayeangukia maji ya baridi hupumua kwa pupa dakika ya kwanza, hunywa maji, na dakika chache baadaye mikono haimtii tena. Boti ya doria iliyoko maili nne mbali ikifuatilia mashine iliyoibwa haina kosa lolote, lakini mtu atakufa.

Januari 2002 RNLI, chama cha hisani cha uokoaji majini kilichoanzishwa 1824 na kinachoendeshwa hasa kwa michango ya wananchi, kilifungua vituo vinne kwenye Thames. Katika vitatu kati ya hivyo wahudumu hukaa kituoni usiku na mchana, na lengo ni boti iondoke ndani ya sekunde 90 baada ya simu. Kituo chao chenye kazi nyingi kuliko vyote baadaye kilihamia Waterloo Bridge, kwenye gati lile lile la polisi lililokuwa na beseni. Kwa maneno mengine, polisi hawakunyang'anywa mto. Walipunguziwa jukumu ambalo hawakuwahi kupewa vizuri, wakabaki na uhalifu, upekuzi na wafu. Ninaona huo ndio mgawanyo sahihi, ingawa ni ajabu kwamba mji mkuu wa nchi tajiri ulimwachia mfadhili wa hiari sehemu iliyo hai ya kazi.

Huku kwetu hesabu ya ofisi si fupi. Dar es Salaam ina Polisi Wanamaji, ina mamlaka ya bandari, ina TASAC kwa usalama wa vyombo, ina TEMESA kwa pantoni, ina Zimamoto na Uokoaji, ina jeshi la majini, forodha na uhamiaji. Kenya iliongeza walinzi wake wa pwani mwaka 2018. Ukisimama Kivukoni saa moja asubuhi, pantoni ikiwa imeshona watu mpaka kwenye ngazi, ofisi zote hizo zinahusika na kila kichwa unachokiona. Swali langu ni lile lile la Thames: nani kati yao jambo lake la kwanza ni mtu aliye majini sasa hivi?

Majibu tunayo, na hayapendezi. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likaanguka kutoka kwenye feri ya Likoni, likiwa na mama na bintiye mdogo. Simu za abiria zilirekodi gari likielea kwa muda kabla ya kuzama. Huo ndio ulikuwa muda wa uokoaji, na ulipita mbele ya macho ya feri nzima. Kulitoa kulichukua siku 13, kutoka kina cha takriban mita 58. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa makasia yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa, na ripoti ya awali ya uchunguzi ilikuja kugusia kuchelewa kwa waokoaji rasmi.

Wepesi wetu ni kusema: hatuna vifaa. Ni kweli, ila Wapping haikukosa boti usiku wa Marchioness. Ilikuwa na boti, na injini, na watu wanaoujua mto kuliko yeyote, na bado ilionekana kwamba boti ya doria na boti ya uokoaji ni kazi mbili, hata zikifanana kwa rangi. Moja inazunguka. Nyingine inangoja.

Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gati la Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Giza lilipoingia siku ile uokoaji ulisitishwa mpaka asubuhi, na siku ya tatu wazamiaji wakamtoa fundi mmoja akiwa hai, aliyekuwa amebanwa chumbani mwenye hewa ndani ya kivuko. Kwa hiyo, kila zinapozinduliwa boti mpya Dar, Mwanza au Kisumu, na utepe ukakatwa, na waandishi wakauliza bei na nguvu za mashine, mimi nina maswali mawili ambayo sijayasikia yakiulizwa: boti hiyo inalala wapi, na saa nane za usiku nani yumo ndani yake?